Kangaruu Aliyetekwa Kizuizini

Sifa zote njema ni zake Mola aliyemuumba nzi aitwaye ndorobo, akaumba na ngozi ya kuumwa na ndorobo, kisha kwa hekima ambayo akili yangu haijaifikia akaruhusu iundwe idara ya serikali ya kusimama katikati yao na wavu. Namshukuru kwa macho ambayo bado yanaona, kwa magoti ambayo bado yanasujudu, na kwa kunijalia kumaliza utumishi bila kutiwa pingu, neema ambayo mwalimu wangu wa kazi hakuipata. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu na jamaa zake.

Mwezi uliopita nilirudisha wavu wa serikali, nikaambiwa una tundu. Ninyi vijana mliobaki kazini kwenye kizuizi cha nzi mliniomba niandike niliyoyaona, nami naandika, maana sasa sina wa kumkagua. Vyeo na mshahara nitaviruka. Vyote viwili viliniruka mimi kwanza. Bendera iliyo juu ya boma la Tabora bado ni ya Mwingereza, ingawa wenye macho wanaona kamba yake imeanza kulegezwa. Nilipoajiriwa hakuna aliyediriki hata kuitazama hiyo kamba.

Mimi ni mtoto wa Gongoni, hapa hapa Tabora mjini, mwana wa fundi cherehani. Nilisoma chuoni kwa maalimu hadi nikahitimu Kurani, kisha shule ya serikali hadi nikajua kuandika "mimi mtumishi wako mtiifu". Kwa elimu hiyo yote nilipewa wavu wa mkono, chupa nyembamba yenye kizibo, na baiskeli isiyo na breki, nikapelekwa kwenye kizuizi cha ndorobo upande wa magharibi, pale mashamba yanapokwisha na msitu wa miyombo unapoanza. Kulikuwa na boriti iliyokatiza barabara, kibanda cha nyasi, na nyumba ya serikali ya vyumba viwili. Barabara yenyewe ndiyo ile waliyopita wazee na pembe za ndovu kutoka Ujiji kwenda pwani. Wao walisimamishwa na watemi wakatozwa hongo. Sisi tuliwasimamisha watu tukawatoza nzi. Haya ndiyo maendeleo tuliyokuwa tukihubiriwa.

Kazi yenyewe mnaijua. Ndorobo, ambaye watu wa pwani humwita mbung'o, humng'ang'ania msafiri mgongoni, mahali asipojiona, akaingia naye mjini hadi kwenye mazizi ya Ipuli, na baada ya muda ng'ombe wa watu wanakonda na kufa. Kwa hiyo kila atokaye msituni hugeuzwa kama anayeshonewa kanzu, akakaguliwa mgongo, mzigo na baiskeli. Gari huingizwa kwenye banda la giza, milango ikafungwa, pakaachwa dirisha moja dogo. Nzi hufuata mwanga, nasi tunawasubiri hapo. Mzungu aliyemo garini naye hufuata mwanga, lakini yeye hatukuruhusiwa kumtia kwenye chupa.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Mihambo, Mnyamwezi mfupi, mpole mbele ya wakubwa na mwenye ulimi wa wembe mbele ya walio sawa naye. Siku ya kwanza nilipiga wavu kwa nguvu nikamkosa nzi, nikampata katekista wa Kimoraviani kichwani. Mzee Mihambo alimwomba radhi katekista, kisha akanipeleka pembeni. Aliniambia ndorobo hafukuzwi. Mtu humwendea polepole kutoka chini, kama anayemwendea mkubwa kuomba ruhusa. Kwa kuwa nilikuwa mtumishi wa serikali, mwendo huo niliuzoea upesi. Jambo la pili alilonifundisha ni kwamba amri haichagui uso. Alimkagua liwali. Alikagua jeneza. Aliwahi kumgeuza mkuu wetu mwenyewe wa idara, akamtoa nzi wawili kwenye kaptula, na mkuu akasema asante kwa sauti ambayo sijaisikia tena.

Sasa nifikie kesi ngumu kuliko zote, na kesi hiyo ilikuwa na mkia.

Baada ya vita alikuja mpimaji wa barabara, mzungu kutoka Australia, akapiga kambi ndani ya msitu ng'ambo ya kizuizi. Watu walimwita Bwana Mfuko. Alikuja na mahema, vyombo vya kupimia, mpishi, na kangaruu jike aliyeitwa Doli. Kama mlivyosikia, kangaruu ni mnyama wa kwao, mrefu kama mwanamke aliyepiga magoti, mwenye miguu ya nyuma mikubwa, mikono midogo ya mbele, na mkia anaoukalia kama kigoda. Jike lake lina mfuko tumboni wa kulelea mtoto. Wanyamwezi walipomwona walisema ni kamendegere, yule mnyama mdogo mrukaji wa usiku, aliyepata kazi serikalini, kwa jinsi alivyonenepa. Watu wa Gongoni waliniuliza kama nyama yake ni halali kabla hawajauliza ana jina gani.

Bwana alikuwa amemgonga mama yake Doli kwa gari huko kwao, akamkuta mtoto hai mfukoni, akamlea ndani ya gunia la unga lililoning'inizwa hemani. Doli alipokua, hema likawa la wote wawili. Bwana huyu aliyelala chumba kimoja na kangaruu alipeleka malalamiko bomani kwamba vibarua wake wanafuga kuku karibu na kambi, jambo lisilo safi.

Mpishi wake alikuwa Mwinshehe, Mzaramo wa Kisarawe, mrefu na mwenye maringo ya watu wa pwani. Ninyi mliozaliwa Tabora mnajua maana yake Mzaramo akikutana na Mnyamwezi, lakini huenda karatasi hii ikamfikia mgeni, kwa hiyo naeleza. Hao ni watani, tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana, kuuzuia msiba wako, na kuteka kitu chako mbele ya macho yako. Wewe hukasiriki. Unamkomboa mateka wako kwa kafara ndogo ya kuchekesha, au unangoja zamu yako. Akasirikaye ndiye aliyeshindwa.

Wiki ya kwanza Mzee Mihambo aliteka jogoo wa Mwinshehe. Wiki ya pili Mwinshehe alikula chakula cha mchana cha Mzee Mihambo, ugali na mlenda, akasema mlenda ule ni gundi ya bahasha. Alipita kizuizini kila siku ya soko, na kila siku ya soko walitukanana hadi mimi niliyelelewa chuoni nikawa namwomba Mungu maghufira kwa niaba yao. Wakimaliza waligawana tumbaku.

Siku Bwana alipomleta Doli kizuizini mara ya kwanza, akimpeleka mjini kwa daktari wa mifugo, Mzee Mihambo alimzunguka polepole. Kulikuwa na joto, na Doli alikuwa akijiramba mikono ili apoe, na ndorobo walikuwa wamejipanga palepale palipolowa. Tukawatoa. Kisha mzee akautazama mfuko.

"Amri inasema kila mfuko ufunguliwe," alisema.

"Hilo ni tumbo lake, Mnyamwezi wewe," Mwinshehe akamjibu. "Mama yako alikuzaa bila kukaguliwa."

"Tumbo gani lina mlango? Fungua."

Bwana aliuliza kuna nini. Alipoelezwa alifikiri sana, akakubali kwamba amri ni amri. Wenzake hupenda sana sheria, hasa inapomhusu mwingine. Aliyetumwa kutia mkono nilikuwa mimi. Palikuwa na joto jema na ngozi laini, na hapakuwa na nzi. Doli alinitazama kama bibi wa heshima anayepekuliwa forodhani, kisha akanipiga teke la paja ambalo bado linanikumbusha mvua ikikaribia. Nasema alhamdulillahi, maana lingeweza kupanda juu kidogo, na nisingekuwa na wajukuu wa kuwasimulia.

Tukingoja gari litoke kwenye banda la giza, Mzee Mihambo alimwuliza Bwana, kwa kinywa cha Mwinshehe, watu wa huko wanaishije na wanyama hawa. Bwana alieleza kwa fahari kwamba kangaruu amewekwa kwenye nembo ya serikali yao. Akaeleza pia kwamba wanapigwa risasi kwa wingi, kwa sababu wanakula majani ya kondoo. Mzee Mihambo aliuliza nani alitangulia kuyala majani hayo, kondoo au kangaruu. Kangaruu, alisema Bwana, kondoo walikuja na meli. Mzee akauliza kama nchi ile haikuwa na watu wake kabla ya meli. Walikuwapo, Bwana akasema, watu weusi, wawindaji hodari wa kangaruu.

"Na wao wamewekwa kwenye nembo?" mzee akauliza.

Mwinshehe alilitazama swali hilo, akaona halihitaji kutafsiriwa. Akamwambia Bwana kwamba mzee anasifu afya ya Doli.

Basi Doli akawa mpita njia wetu. Alizoea kugeuzwa na kukaguliwa kuliko madiwani wengi. Mama Kalunde, mkewe Mzee Mihambo, alimpa karanga, naye alizipokea kwa mikono miwili kama mkwe aliyefunzwa adabu. Alikuwa akiegemea mlango wao akichungulia ndani, na Mama Kalunde alikuwa akimwuliza kama huko kwao hakuna mwanamume mpaka ameamua kuzeeka na mzungu.

Kazi ya upimaji ikaisha. Bwana alitangulia stesheni na gari lililojaa mahema na meza, na kwa kuwa meza hazikuweza kutembea, Doli ndiye aliyeachwa atembee. Mwinshehe alimleta kwa kamba hadi kizuizini, akiwa amechoka, jasho linamtoka, na kangaruu anamvuta kila upande penye majani. Tulimkagua. Nilipomaliza kutia nzi wa mwisho kwenye chupa, Mzee Mihambo alikuwa ameshika kamba.

"Huyu nimemteka," alisema. "Nenda zako pwani. Ukimtaka, bebesha kichwa chako gunia hili la mhogo, uzunguke kizuizi ukiimba kwamba Wazaramo ni wapagazi wetu."

Mwinshehe alikuwa amelala na kelele za mnyama yule kwa miaka, na ameokota sufuria alizopiga teke kutoka kila kichaka cha Unyamwezi. Aliitazama kamba mkononi mwa mtani wake, uso wake ukang'aa.

"Mteke," alisema. "Na akikojoa ndani, mteke na mkojo." Akachukua baiskeli yangu isiyo na breki akashuka nayo mjini.

Hapo ndipo wote wawili waliponaswa. Mtani aliyeteka hawezi kumfuata mwenye mali akimwomba aikomboe. Angechekwa hadi Kigwa. Mtani aliyekataa kukomboa hawezi kurudi. Mwinshehe alitegemea kwamba Bwana atakuja na gari, atacheka, atamchukua Doli, na kila mtu atakuwa ameshinda. Alimwambia tu ukweli: Mnyamwezi wa kizuizini amemchukua. Alisahau jambo moja dogo, kwamba Bwana hakuwa Mnyamwezi wala Mzaramo. Bwana alikuja kweli na gari, na ndani yake mlikuwa na askari polisi.

Waliomfunga Mzee Mihambo pingu walikuwa vijana aliowahi kuwatoa nzi mgongoni. Yeye hakupinga. Aliniachia wavu, akanikumbusha kutokea chini. Doli naye alitwaliwa kama kidhibiti, yaani ushahidi wa kesi, akafungiwa katika ua wa boma, ambako aligoma kula kila alichopewa. Ikabidi serikali imwite Mama Kalunde, mke wa mshtakiwa, awe anakuja na karanga kukilisha kidhibiti kilichokuwa kinamfunga mumewe.

Shtaka lilikuwa wizi wa mnyama. Mtumishi wa serikali akipatikana na hatia hiyo alikwenda gerezani, na akitoka hana kazi, hana kiinua mgongo, hana nyumba. Karani wa idara alifika kumwambia Mama Kalunde ahame kabla kesi haijasikilizwa, maana idara yetu, inayochelewa katika kila jambo, hupenda kuwahi katika hili. Siku ya kesi mama alikuja barazani na mkeka wake umekunjwa na chungu ndani ya kapu. Nilimwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kama gerezani wanaruhusu tumbaku. Nilisoma Yasini kimoyomoyo.

Bwana shauri, ofisa wa boma aliyesikiliza kesi, alikuwa kijana wa Kizungu aliyefaulu mtihani wa Kiswahili karibuni na alikuwa akiutafutia matumizi. Baraza lilijaa. Alianza na mshtakiwa.

"Ulimchukua mnyama huyu?"

"Nilimchukua, bwana."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ruhusa ya nini, bwana? Huyu mpishi ni Mzaramo."

Bwana shauri aliandika, na kwa jinsi kalamu ilivyokwenda niliona gereza limekaribia. Akaitwa Mwinshehe, akaapishwa kwa msahafu. Alikuwa amekonda. Nadhani hakuwa amelala tangu siku ile, lakini mtani hawezi kumlilia mtani mbele za watu, angekuwa amemdhalilisha.

"Mtu huyu ni mwizi?"

"Huyu? Wizi unataka akili, bwana. Mnyamwezi huyu ukimpa kuku aibe, atamrudisha kwa mwenyewe amwulize anakula nini."

Watu wakacheka. Mzee Mihambo naye akacheka, akiwa na pingu.

"Kwa hiyo ni adui yako?"

"Ni mtani wangu. Akifa leo, mimi ndiye nitakayelala kaburini mwake mpaka nipewe kitu nitoke."

Bwana shauri aliandika kwamba shahidi anatamani mshtakiwa afe. Mimi niliitwa nikaeleza utani kadiri nilivyoweza. Akaniuliza sheria hiyo imeandikwa wapi. Nikasema haijaandikwa. Jibu zuri, kwamba ndiyo maana inafuatwa, lilinijia nikiwa nje, kama ilivyo kawaida ya majibu mazuri.

Kisha kijana yule akauliza swali ambalo Mungu mwenyewe alilitia kinywani mwake, maana sioni mwingine ambaye angeweza. Aliuliza, kwa kejeli, kama kuna mtu mwingine humu ndani anayedhani ana haki ya kuchukua mali ya mpishi huyu.

Wanyamwezi wakasimama. Mzee mmoja alikwenda akachukua fimbo ya Mwinshehe. Bibi mmoja akainama, akamvua viatu, akaondoka navyo. Mwingine akachukua leso, mwingine kisanduku cha tumbaku, na askari wa mlangoni, Mnyamwezi wa Ipuli aliyekuwa amesimama kama nguzo tangu asubuhi, aliacha lindo akaja kuchukua mkanda. Mwinshehe alisimama miguu mitupu, ameshikilia suruali kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akapora kapu la Mama Kalunde. Mama Kalunde alicheka hadi akakaa chini. Mwinshehe pia alikuwa akicheka, na machozi yalikuwa yakimtoka, na sidhani yote yalikuwa ya kicheko.

Bwana shauri aligonga meza. Mbele yake palikuwa na ama genge la wezi kubwa kuliko yote yaliyopata kutokea katika jimbo, likiiba mchana mbele ya serikali, ama ushahidi kwamba utani ni kweli. Gereza halikuwa na nafasi. Akachagua kweli.

"Kuchukua si wizi," alisema polepole, akipima kila neno, "ikiwa kila mmoja kati ya hao wawili ana haki ile ile ya kumchukulia mwenzake."

Pingu zikafunguliwa. Mama Kalunde alirudi kwake na mkeka wake. Chungu kilibaki kwa Mwinshehe.

Kesho yake tulikwenda stesheni kumsindikiza Doli, aliyekuwa amewekwa kwenye sanduku la mbao lenye matundu, karibu na behewa la mizigo. Kama huko kwao alipigwa risasi kwa ajili ya kondoo au alipewa nafasi kwenye nembo, sikupata habari. Mama Kalunde alikuwa akimpitishia karanga kwenye tundu. Bwana shauri naye alikuwapo, kumuaga mzungu mwenzake, na nadhani usiku alikuwa amemweleza utani ni nini, kwa sababu Bwana Mfuko alitujia akitabasamu kama mtu aliyejifunza salamu ya kigeni. Akamfikia Mzee Mihambo, akavua kofia yake nyeupe ngumu ya jua akaishika mkononi, akanyakua ya mzee ya kaki ya kazi, akaivaa.

"Utani," alisema, akatutazama mmoja mmoja akingoja tucheke.

Hakuna aliyecheka. Mwinshehe alitazama chini. Wapagazi wa stesheni walitua mizigo.

Mzee Mihambo alimgeukia bwana shauri. "Bwana," alisema kwa upole uleule aliokuwa akiutumia kwa wakubwa, "ile hukumu ya jana inafika mpaka hapa stesheni?"

Kijana yule akawa mwekundu. Alimtazama mwenzake, akamtazama mzee, akaitazama saa ya stesheni ambayo ilikuwa imesimama. Mwishowe akasema inafika.

Mzee Mihambo akamwendea Bwana polepole, mikono ikitokea chini, akamtoa mkononi ile kofia nyeupe ngumu ya jua, akaivaa. Ilimshukia hadi kwenye nyusi. Askari wa stesheni alishika rungu lake, akaliachia. Bwana alifumbua kinywa. Filimbi ya garimoshi ikalia kabla hajapata cha kukitia. Akapanda na kofia ya kaki kichwani.

Mwinshehe alipopita tena Tabora alinisimulia yaliyobaki. Bwana aliivaa kofia ile hadi Dodoma. Pale Dodoma alimwita mpishi wake, akamwuliza kama sasa na yeye ni mtani wa yule mzee.

"Bado sana, bwana," Mwinshehe alimjibu. "Mpaka leo yeye amewachukulia ninyi kofia moja tu."

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akujalie mgongo usiokaliwa na nzi, wenzako wa kukucheka bila kukudharau, na siku ya kukaguliwa kwetu sote akukague kwa rehema. Amina.